Karatasi Iwe Sahihi

Duka langu ni la misumari na rangi; umeya ni kazi ya jioni.
Novemba, theluji ya kwanza juu ya Roccaspina,
madaktari wawili wameniachia karatasi kaunta,
kati ya mizani na kopo la gundi.

Sheria haitaki mengi. Awe mgonjwa wa kuhitaji tiba upesi.
Awe ameikataa. Pasiwe na namna ya kumtibu nje ya hospitali.
Kisha saini yangu, ndani ya saa arobaini na nane,
na nyingine kama hizo zisipite kabla haijamfikia hakimu.
Siku saba. Neno "kichaa" halimo. Nimelitafuta.

Mgonjwa: Ersilia Battaglini, miaka sabini na mmoja,
msajili wa vizazi na vifo, mstaafu.
Miaka thelathini alirudisha karatasi zetu kwa kosa la nukta.
Baba yangu alichelewa kuzikwa
kwa kuwa niliandika Jumanne, naye alikufa Jumatano.

Sasa anasajili ukutani. Jikoni, kwa mkaa,
watoto ambao hawajazaliwa, na uzito wao.
Hajala tangu Ijumaa: chakula ni chao, asema.

Nilipanda kwake, karatasi ndani ya koti.
Sheria hainilazimishi kubisha hodi. Nilibisha.
"Bibi Ersilia, utakunywa dawa, ukae hapa hapa?"
"Sinywi."
"Daktari Perrella aje kila asubuhi?"
"Asije."
Nikasikia masharti yakijifunga moja moja,
kama vifungo vya koti la mtu mwingine.

Akanyoosha mkono. "Lete."
Akavaa miwani. Akasoma kama alivyosoma vifo vyetu vyote,
kidole chini ya mstari.
"Huyu wa pili hakuandika saa. Bila saa,
hizo arobaini na nane utaanza kuzihesabu wapi?"

Kweli. Pengo jeupe. Ningeweza kunyamaza,
karatasi ikafia mikononi mwa hakimu.
"Kwa hiyo wakubali kwenda?"
"Sikubali. Sikubali hata kidogo.
Lakini ukinipeleka, nipeleke kwa karatasi sahihi."

Nikashuka kwa daktari. Akajaza saa aliyomwona: tisa na robo.
Nikasaini juu ya kaunta, wino ukisitasita kwa baridi,
na herufi ya mwisho ya jina langu ikavuka mstari.

Hiyo angeirudisha.