Nyuzi Thelathini

Kitambaa cha kulia cha mama nakifua mwenyewe.
Cha kulia uji, nasema, si cha kulia machozi.
Kule nyumba ya wazee wangekipiga namba,
kizungushwe na shuka za watu nisiowajua,
na mimi sitaki Solvejg Ravnkilde
awe kumi na saba kwa wino mweusi.

Leo kina uji wa shayiri, kina mchuzi mzito wa viazi.
Wanga.
Wanga haupigi kelele kama damu au divai.
Hukauka, ukatulia, ukajifanya haupo,
kisha hunasa vumbi la wiki nzima kama gundi,
na siku moja unaona kola imeshika rangi ya mvua.

Miaka thelathini na mmoja mama alilisha mapipa
pale kiwandani Kalundborg, chini ya mvuke
unaoficha minara mitano ya kanisa.
Aliwalisha bakteria, vijiti visivyoonekana,
ukoo uliotoka kwenye konzi moja ya udongo;
wakashiba, wakatema vimeng'enya.
Si mdudu anayefua nguo, alizoea kusema, ni mate yake.
Ni mkasi usio na macho,
haujui mnyororo unaanzia wapi:
hukata katikati, popote, kach, kach,
mpaka wanga ubaki sukari fupifupi
na maji yaondoke nayo. Tena maji ya uvuguvugu,
nyuzi thelathini tu,
wakati bibi yake alichemsha
mpaka vidole vikavimba kama mkate uliolowa.

Nilikuwa na miaka saba aliponionyesha.
Kiazi kilichopondwa, sahani mbili, tone la iodini:
bluu, bluu ya usiku wa manane, kotekote.
"Sasa tema, Asger." Nikatema kwenye moja.
Tukasubiri, videvu juu ya meza,
na bluu ikafifia kama mtu anayeondoka bila kuaga.
"Umeona? Kinywani mwako pia mna kiwanda."

Sasa kiwanda chake mwenyewe kimelegea.
Uji hukaa mdomoni, hauendi mbele haurudi nyuma,
mpaka umwagike kifuani,
nami nausukuma ndani ya mashine
umeng'enywe na kile alichokipika ujana wote.
Mashine inammezea.

Kilipotoka kilikuwa cheupe. Sikuuamini weupe ule.
Nikatafuta kichupa kabatini, nikadondosha tone.
Hakuna bluu. Hata chembe.
Ila sasa pana doa la kahawia, langu, la ujinga wangu,
na vimeng'enya vyote vya dunia havina habari nalo.

Nikampelekea hivyo hivyo, nikamfungia shingoni.
Jumatano, saa sita kasorobo, wanaleta viazi.
Akaliona doa. Akalikwaruza kwa ukucha,
yeye ambaye tangu Februari hajaniita jina,
akakunja uso kama msimamizi wa zamu:

"Bluu iko wapi?"