Mlango 2/1

Saa nane usiku, Dundee, hita imepoa.
Ofisini, kwenye Windows, programu ilijengeka bila kukohoa.
Hapa, kwenye Linux yangu, imegoma.

Jana ilikuwa mishazari:
iliyolalia nyuma niliigeuza ikalalia mbele.
Kisha herufi kubwa, moja tu, ndani ya jina la faili.
Leo kompaila inasema: "Jina hili silitambui."
Hulitambui? Limo mstari wa arobaini!
Nimeliandika kwa mkono huu.

Basi nitajie kila folda unayopita.
Ikanitajia. Ya kwanza, tupu. Ya pili,
faili langu, jina lile lile,
la mwaka juzi.
Ililiona hilo, ikaridhika, haikubisha hodi kwingine.

Nikapanga upya foleni. Ikajengeka kimya.

Asubuhi Bi Ishbel wa chini, mlango 1/2,
akapanda na kifurushi kutoka kwa dada Subira:
kimekaa kwake tangu Machi.
Posta haikupotea. Subira ndiye aliyegeuza namba.
Ndani, pilipili manga, na viatu vya mwanangu,
vya mguu aliokuwa nao Machi.