Pete ya Malai

Saa moja kasorobo, Pongwe. Madumu yamepanga foleni
kabla ya wenyewe.
Dumu la Bi Mamdoe nalijua kwa kizibo:
gunzi la hindi, limefungwa nailoni.
"Leo lita sita tu," asema. "Kiinua kanuna."
Kiinua ni ng'ombe. Alinunuliwa kwa kiinua mgongo
cha marehemu, miaka thelathini na mmoja kwenye korona,
ile ya kuchakata mkonge, si ile nyingine,
ijapokuwa na hii ilimla mapafu.

Kazi yangu ni kuyahoji maziwa.
Nayapima uzito, nayatia spiriti;
yakikatika, nayarudisha.
Kila tone lina nyuzi zisizoonekana,
protini, ndefu kuliko subira yangu,
nazo hazikai zimenyooka:
hujikunja, hujipinda, hujisokota
kama singa za mkonge pajani mwa msokota kamba.
Kila kamba na fundo lake, kila fundo na kazi yake.
Fundo likifunguka, kazi imekwisha;
ndiyo maana yai la kuchemsha halirudi kuwa bichi.
Hili nilifundishwa chuoni Buhuri.
Nililielewa jikoni.

Leo ni siku ya pete.
Mililita moja kwenye kioo chembamba,
kisha tone la zambarau:
ndani yake bakteria waliokufa, wamepakwa rangi,
maiti waliotumwa kumtafuta anayewajua.
Ng'ombe aliyewahi kukutana nao wakiwa hai
hubaki na kingamwili katika maziwa yake,
protini zenye umbo la panda ya manati,
zisizosahau sura.
Zikiwaona huwadaka, haziwaachi,
na wote, wafu na wadakaji,
hupanda na mafuta mpaka juu.

Saa nzima, nyuzi thelathini na saba,
joto la mtu asiyeumwa.

Kioo cha Mhina: juu malai, weupe mtupu; chini zambarau. Salama.
Cha Singano, salama.
Cha kina Kaniki, salama, ila wameongeza maji,
hayo tutazungumza.
Cha sita
chini ni cheupe kama sanda,
na juu, pete.
Nyembamba, imekaa sawasawa,
kama iliyopimwa na sonara.

Narudia. Kioo kingine, tone jingine, saa nyingine.
Pete.

Naye Bi Mamdoe yuko nje, ameketi juu ya ndoo,
anasimulia habari za mkaza mwanawe:
homa inayokuja magharibi na kuondoka alfajiri,
jasho la kulowesha godoro, viungo vinavyolia.
Dawa mseto amekunywa mara tatu
na kila mara kipimo kilisema malaria hakuna.
Mimba mbili zimetoka. Ya kwanza walisema jicho.
Ya pili walimtaja jirani, kwa jina,
na jirani amehama.

"Maziwa yakichemka yamekufa," hupenda kusema.
Ni kweli, bibi. Hufa.
Ila hayafi peke yake.

Natoka na kioo mkononi.
Namwambia sijui. Kipimo changu ni cha maziwa,
si cha watu, wala si cha mimba.
Namwandikia barua ya Bombo, binti akatolewe damu.
Ikiwa ndiyo, ni vidonge vya wiki sita,
asiruke hata siku moja.
"Na Kiinua?"
Naangalia kalamu yangu.
Ng'ombe hatibiwi ugonjwa huu.

Anakichukua kioo, anakiinua juani,
anakizungusha taratibu kwa vidole viwili.
"Pete yenyewe nzuri," asema.
Kisha: "Huvulika?"

Lita sita namwaga shimoni, nakoroga na chokaa.
Daftarini naandika namba, tarehe, neno moja.
Ninapogeuka, amekwisha kuliziba dumu tupu
kwa gunzi lake,
na anaivuta nailoni,
anaikaza,
anaikaza tena.