Siku ya Sita

Simu yao hulia saa tatu asubuhi, Februari,
jua la Whitehorse likiwa bado linajikongoja
na gari langu nje nimelichomeka umeme
injini isigande.
Nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri.
Nasema, "Ofisi ya safari, Geraldine hapa,"
nao ni wawili kwenye laini moja huko Duluth:
Lowell jikoni, Ardis chumbani,
kila mmoja na mkonga wake.

Lowell alikagua madaraja miaka thelathini na minne.
Anataka kujua kila kitu kimeshikiliwa na nini.
Meli iking'oa nanga Vancouver saa kumi na nusu,
ni saa kumi na nusu ya nani?
Treni ina breki ngapi kwenye mteremko?
Ardis anauliza habari za dubu.
Kama wataonekana Alhamisi.

Nimepanga, nimepangua.
Chumba chenye roshani, upande wa kulia,
ili milima iwafikie kitandani kabla ya kahawa.
Siku nne majini, kisha Skagway, kisha reli
inayopanda kama mtu mwenye gunia ngazini,
kisha basi, Dawson, vumbi la changarawe
juu ya migongo ya vilima hadi Alaska,
kisha Fairbanks, kisha ndege, kisha nyumbani
na picha mia tisa za maji.
Siku kumi na tatu. Kila moja na kisanduku chake
kwenye kompyuta.

Jana Lowell alipiga peke yake, sauti ya chini.
Akasema, Geraldine, daraja lisiloachiwa nafasi
hupasuka kiangazi, chuma kikitanuka.
Kuna pengo dogo tunaliacha makusudi.
Magari hupita juu yake, tap-tap,
hakuna anayeuliza.
Nipe siku moja tupu.

Nikaifuta siku ya sita.
Kompyuta ikakataa: nafasi hii lazima ijazwe.
Nikaandika, pumziko. Ikadai jina la kampuni.
Nikaandika, hakuna. Ikadai bei.
Nikaweka nukta. Ikawa nyekundu.

Miaka kumi na moja nauza nchi hii kwa visanduku,
nikiwaambia watu wa kusini "pori lisiloguswa"
kwa sababu kipeperushi kinasema hivyo,
na shangazi yangu Ethelda ameligusa kila siku ya maisha yake:
amelitegea nyavu, amelichuna, amelikaanga,
amelitukana lilipompokonya mbwa.
Yuko Carcross, hatua chache kutoka relini.
Treni ikipita huinua kichwa, huhesabu mabehewa,
hurudi kwenye sindano yake
na ngozi ya kulungu inayonukia moshi.

Nikampigia. Nikamweleza: wazee wawili,
mmoja anaomba siku tupu,
mwingine anataka dubu wa Alhamisi.
Kimya. Nikasikia birika.
"Waje. Pesa yao sitaki, lakini kuna kuni za kupasua.
Na mwambie huyo mama asimtajetaje dubu.
Dubu husikia."

Kwa hiyo, kampuni: Ethelda.
Huduma: kuni.
Bei: sifuri, na sifuri ikapokewa, nani angejua?
Saa ya kuanza nikaiacha iliyojiandika yenyewe,
saa sita usiku,
ambayo mwezi Juni kule bado ina mwanga wa kushonea.
Kisanduku kikageuka kijani.

Watu husema mipango si matumizi.
Labda. Leo asubuhi Ardis amepiga,
karatasi mkononi, naisikia ikitikisika.
Hakuuliza roshani. Hakuuliza yule mnyama.
Anauliza siku ya kuni
avae nini.

Nimemwambia: kitu usichokipenda sana.