Nyuni Asoruka

Usiku wa Alhamisi, Langoni.
Feni yalia, mashine yalia zaidi.
Kioo kimegeuka buluu, asilimia thelathini na moja:
USIZIME KOMPYUTA.
Sijazima. Nimekalia mbuzi ya nazi
kwa kuwa kiti kakichukua Barke,
na sikioni Shekuwe anahesabu watu:
wanne tupo, twakungoja wewe.

Bando la wiki nzima
limenywewa na sasisho nisiloliomba.
Thelathini na mbili.

Asubuhi ikaja taarifa, kwa adabu zote:
kompyuta yako haifai mfumo mpya,
tafadhali nunua nyingine.
Haifai!
Hii niliyoilipia kwa misimu miwili
ya kubeba mabegi ya wageni toka gatini,
kadi yake ya michoro ikaja toka Mombasa
imefichwa ndani ya kopo la halua
na mpaka leo ikipata moto hunukia iliki.

Nikamwendea Twalib wa duka la simu.
Akanipa flashi iliyojaa picha za harusi,
akazifuta moja moja akizitazama,
akasema, "Hasara ni yako, mimi sipo."
Faili niliishusha hotelini kwa mjomba Famau,
saa nne, choo cha wafanyakazi,
nikijibu kila anayebisha: tumbo.

Nyumba za kale za Mkomani
hazikuwahi kuyapenda madirisha.
Ukuta mnene, mwanga washuka katikati, kiwandani,
na waliomo wanajuana.
Nilijiambia hivyo nilipobonyeza "Futa yote."
Mkono ulitetemeka hata hivyo.

Bibi akapita na kikombe chake.
"Nyuni gani huyu?"
"Pengwini, bibi."
"Aruka?"
"Haruki."
"Aliwa?"
"Sijui. Nadhani haliwi."
"Basi wa kazi gani?"
Akaenda zake. Kioo kikawa cheusi,
kistari kimoja chapepesa
kama mtu anayengoja umalize sentensi.

Sitasema ilikuwa rahisi.
Sauti ilipotea siku mbili.
Mchezo wa magari ulifunguka, ukafa,
ukafunguka, ukafa,
na ule wetu, wa Alhamisi, wa watu watano,
mlinzi wake alinisimamisha mlangoni:
mazingira yako hayaaminiki.
Miaka mitatu nacheza mle. Hayaaminiki.
Shekuwe akasema, "Rudi, bwana.
Watuacha kwa sababu ya bata?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Saa tisa za usiku, ndani ya maandishi
yaliyoporomoka kama mchele kwenye ungo,
nikaona neno moja limekosewa,
neno nililoliandika mimi.
Nikalirekebisha.
Gari likaguruma, kadi ikanukia iliki,
Barke akaamka akauliza nani kaja.

Halafu hili, ambalo sikulitarajia:
menyu ilikuwa na Kiswahili, nusunusu,
na kitufe kikubwa cha juu kiliandikwa
ZINDUA MCHEZO,
kana kwamba waziri yuaja kukata utepe.
Nikatafuta neno lilipokaa. Halikufungiwa.
Nikaandika: Anza kucheza.
Nikatuma, nikaona haya, nikalala.
Siku ya nne mtu nisiyemjua,
aliyesema kwao theluji imefunga barabara,
akajibu: asante, tumelikubali.

Sasisho likaja. Liliniuliza kwanza.
Nikaliambia lingoje, tuswali Isha.

Alhamisi hii nipo darini.
Kwa kina Shekuwe wanapiga kelele, wameshinda,
au wameshindwa, kelele zao ni zile zile,
wamempata mtu wa tano kutoka Shela.
Chini, Barke amekalia kiti changu.
Ameusoma ule mstari mara moja,
hakuniuliza maana yake,
akabonyeza.