Jina la Kupanga

Baba hakulinunua jina lile. Alilipanga,
mwaka kwa mwaka, lari arobaini,
kama chumba cha uani ambacho mwenye nyumba
hajapata kuonekana.

Alinieleza siku moja, ufunguo wa nyuzi mkononi:
Husomwa kinyume, Mzevinari.
Mashine haianzi na Otari. Huanzia mwisho,
kwenye nukta ambayo hakuna anayeiandika.
Hubisha hodi kwa mzizi: Unamjua Otari?
Mzizi hujibu: Simjui. Waulize wa kom.
Wa kom hujibu: Simjui, ila namjua amjuaye.
Akacheka. Hata hapa Kutaisi,
mtu akitafuta nyumba ng'ambo ya Daraja Jeupe,
hufikishwa na wasiojua.

Alifariki Machi.
Barua za kukumbusha zikaja, siku thelathini, siku saba, moja,
zikaingia katika baruapepe yake
ambayo nywila yake alizikwa nayo.
Mimi nilikuwa nagawa makoti.

Kijana wa usajili alikuwa mpole kwenye simu.
Muda uliisha, alisema. Likapewa muhula.
Zikaja siku thelathini za kulikomboa, kwa faini,
kisha tano ambazo hata pesa haisemi kitu.
Kisha likaachwa.
Likaachwa wapi?
Likaachwa tu, mama. Sekunde ileile likadakwa.

Sasa ukiliandika unapokelewa na kamari,
matunda yanazunguka: cheri, cheri, ndimu.
Jina jema hung'ara gizani, ndiyo,
na mvamizi naye ana macho.

Ubaya ni kwamba baba aliliandika kwa penseli
ndani ya kila piano aliyoirekebisha mjini,
chini ya kifuniko, kando ya tarehe.
Miaka kumi na tisa ya piano.

Nikasajili jingine, refu, jina langu mbele ya lake.
Nimelipa miaka kumi. Nywila anayo Nestani, binti yangu,
kwenye karatasi ndani ya kopo la chai.
Na kila Jumamosi natoka na kifutio.
Kwa Tsiuri mfumaji nilifuta.
Kwa daktari wa meno nilifuta, mkewe akishika tochi
na kuuliza kama nafuta deni.

Shule ya muziki, ghorofa ya juu, Belarus ya kahawia
iliyokwanguliwa na vizazi vya vifungo.
Mwandiko wake umelalia kushoto,
nukta ameikandamiza hadi vanishi imetoboka.
Nikapiga la ya katikati.
Bado imekaa alipoiacha.

Kifutio nikakirudisha mfukoni.
Chini ya lile la zamani nikaandika jipya,
herufi ndogo tupu, bila nafasi.
Atakayelifungua aulize la juu kwanza.
Likimwambia simjui,
ashuke mstari mmoja.