Kipimo cha Kikondo

Jumamosi, Uyole, baridi ya mwezi wa saba,
ile inayogandisha mafuta ya kupikia koponi.
Antena tumeifunga kwenye mlingoti nyuma ya jiko:
bomba la shaba, waya, na Gwamaka juu ya ngazi
akinifundisha kazi niliyomfundisha.

Mkwe wangu ana redio mpya, ya dijitali.
Yangu ni analogia; mfuniko wa betri
umeshikwa na mpira wa baiskeli.
Anasema, "Baba, hiyo ni ya wenye pamba masikioni."
Nami miaka ishirini na sita nilikaa Iyunga, simu za reli,
nikiichambua Makambako kutoka Tunduma
ndani ya mvumo wa nyuki,
kama achambuaye mchele usiku bila taa.

Basi tupime.
Tusekile ametangulia na pikapu kufuata viazi,
redio mbili zimekaa kitini kama wake wenza,
hazitazamani.
Kila atakaposimama ahesabu moja hadi kumi,
huku, kisha huku.
Daftari nimelipiga mistari: mahali, dijitali, analogia.
Masafa ni umbali, na masafa ni mawimbi;
lugha yetu iliyatia kapu moja
ikatuachia tubishane.

Chini ya mlima, sare.
Kwenye kona za Uporoto, nakiri, Gwamaka alishinda:
kwangu Tusekile alikaangwa kama maandazi,
sita nikaisikia saba,
kwake kila namba ilitoka imenawa uso.
Nikaandika. Mkono haukutaka. Nikaandika.

Isyonje, ukungu.
Dijitali ikasema, "Moja, mbili, tatu, n—"
Nne ikakatwa katikati kama muwa,
kitu kikasukutua maneno yasiyo maneno,
halafu kimya.
Si kimya cha mtu aliyenyamaza. Kimya cha ukuta.
Gwamaka akaigonga, akaipuliza, akakitazama kioo chake:
vijiti vyote vya mawimbi vimelala.
Kwangu, mvumo. Na ndani ya mvumo,
kama mtu aitaye ng'ambo ya shamba la pareto,
"...nane..."
na mafua yake. Niliyasikia hata mafua yake.

Halafu Kikondo. Saa tano kasoro dakika tano.
Ya Gwamaka haina hata mkwaruzo.
Mimi sikio limegusa spika, macho nimefumba,
nikamsikia anacheka.
Si neno, si namba. Kicheko kifupi, cha puani,
alichokirithi kwa marehemu mama yake.
"Umesikia?"
"Sijasikia kitu, Baba."
"Hujakaa Iyunga."
Nikaandika: Kikondo, dijitali hapana, analogia ndiyo,
nikaipigia ndiyo yangu mistari miwili.

Alirudi alasiri, matope hadi kwenye kioo,
magunia manne, vidole vimekufa kwa baridi.
Nikampa daftari kabla ya chai.
Akasoma, akafuta pua kwa kiganja.
"Kikondo, saa tano? Baba, redio nilikuwa nimezizima.
Nilikuwa nabishana bei na Mama Tweve,
na wala hapakuwa na la kuchekesha."

Gwamaka hakusema neno; namshukuru kwa hilo.
Akaenda kushusha viazi.
Redio yake ikikosa, husema imekosa.
Yangu huacha mlango wazi kidogo,
na si kila anayepita namjua.

Usiku nimechukua kifutio, nimeifuta ile ndiyo.
Penseli imeacha kovu kwenye karatasi.
Ukiliinamisha daftari kuelekea taa,
bado inasomeka.